Maziwa 1,048 na binti mwenye gamba la bahari

Kuna kibao cha historia kando ya barabara kuu namba 59, kaskazini kidogo ya mji wa Pelican Rapids, huku Minnesota. Mimi naishi upande huo wa kaskazini na kazi yangu iko mjini, kwenye kiwanda cha bata mzinga, kwa hiyo hicho kibao nimekipita asubuhi na jioni mwaka mzima wa kwanza bila kukisoma, maana zamu ya alfajiri haina muda wa vibao na wakati wa kurudi unachotaka ni kitanda tu. Siku moja mwezi wa tano tairi likapata pancha pale pale, nikaweka gari pembeni, nikabadilisha, nikawa nafuta mikono kwa kitambaa huku nasoma. Ndio nikajua kwamba kwenye hiyo sehemu niliyosimama, mwaka 1931, mafundi waliokuwa wanatengeneza barabara walifukua mifupa ya binti aliyekufa miaka kama 8,000 iliyopita, na kwamba alikuwa na gamba la konokono wa baharini.

Wa baharini, jamani. Angalia ramani, Minnesota iko katikati kabisa ya bara, kutoka hapa kwenda bahari yoyote yenye maji ya moto ni safari ya kilomita zaidi ya 2,000. Mimi nimezaliwa pwani, gamba la bahari nalijua tangu sijui kutembea, na nikasimama pale barabarani kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa mahali asipojulikana.

Tangu siku ile nimekuwa nasoma kila ninachokipata kuhusu hii kaunti ya Otter Tail, na siku za mapumziko nazunguka nikiangalia, na leo nimeona niandike maana ndugu na marafiki wakiuliza "uko wapi huko Marekani" nikisema Otter Tail hakuna anayepajua, wanadhani nimekwenda kukaa porini. Ni shamba kweli, siwezi kukataa. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 60,081 kwenye kaunti ambayo kwa eneo inalizidi jimbo zima la Rhode Island. Lakini ndani yake kuna maziwa 1,048, na wenyeji watakwambia hakuna kaunti nyingine Marekani nzima yenye maziwa mengi kiasi hicho. Ukiendesha gari hapa unaliacha ziwa kushoto, unapanda kilima, unakuta jingine kulia, unateremka, kuna jingine tena na hilo halina hata nyumba moja, mwanzi tu na bata wa porini.

Jina lenyewe, Otter Tail, maana yake ni mkia wa fisi maji. Mto unapoingia kwenye ziwa kubwa kuliko yote hapa palikuwa na fungu la mchanga, refu, jembamba, limejipinda, na Waojibwe, moja ya makabila ya asili ya huku, wakaliona linafanana na mkia wa yule mnyama, wakaliita ziwa hivyo kwa lugha yao, Wazungu walipokuja wakalitafsiri tu. Ziwa likapewa jina, mto ukachukua la ziwa, kaunti ikachukua la mto. Hilo ziwa la Otter Tail lina hekta kama 5,500 na kina chake kikubwa ni mita 36 hivi, na ukisimama upande wa magharibi siku ya upepo mawimbi yanapiga changarawe mpaka unasahau uko wapi.

Sasa maziwa yote haya yametoka wapi? Mimi nilikuwa nafikiri ziwa ni ziwa tu, lipo tangu mwanzo. Kumbe hapa kila kitu kilifanywa na barafu. Zama za barafu, sehemu hii yote ilikuwa imefunikwa na barafu nene ajabu iliyokuwa inasogea polepole kutoka kaskazini, inakwangua ardhi, inabeba mawe na udongo na kokoto kama tingatinga, na hali ya hewa ilipoanza kupata joto, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, ikaanza kurudi nyuma na kumwaga mzigo wake wote hapa. Ndio vile vilima vya upande wa kusini na mashariki, kile kirefu kabisa kinaitwa Inspiration Peak, kinafika futi 1,750 juu ya usawa wa bahari, kimebaki kirundo cha mzigo wa barafu na leo watu wanakipanda kuangalia majani yakibadilika rangi. Halafu, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda, barafu ilipokuwa inarudi ilikuwa inakatika mapande, mapande makubwa kama mtaa mzima, yanazikwa chini ya kokoto. Yakakaa huko chini miaka na miaka, yakayeyuka taratibu, ardhi ya juu ikadidimia, shimo likajaa maji. Hilo ni ziwa moja. Rudia mara elfu.

Magharibi ya kaunti mambo yanabadilika ghafla, vilima vinakwisha na nchi inakuwa tambarare kama meza. Pale palikuwa na ziwa Agassiz, maji yaliyoyeyuka kutoka kwenye ile barafu, ziwa lililokuwa kubwa kuliko yale Maziwa Makuu yote ya Amerika ya leo ukiyaweka pamoja. Likakauka, likaacha tope lake, na tope hilo ndilo shamba la ngano na soya na viazi sukari la leo. Kwa hiyo mkulima wa upande ule analima sakafu ya ziwa, na wa upande huu analima vilima vya kokoto huku anazunguka madimbwi na trekta lake, na hawa wawili wako kaunti moja, wanalipa kodi ofisi moja pale Fergus Falls.

Turudi kwa binti. Wale mafundi wa barabara walikuwa wanachimba kwenye udongo ambao zamani ulikuwa chini ya ziwa, ziwa ambalo sasa halipo, na tope lake lilikuwa limelala tabaka juu ya tabaka bila kuvurugwa. Mifupa ikachukuliwa kupelekwa Chuo Kikuu cha Minnesota, kwa profesa Albert Jenks, na akaandika kitabu juu yake mwaka 1936. Yeye alifikiri ni ya zamani zaidi, ya zama za barafu zenyewe, baadaye vipimo vya kaboni ndivyo vilivyoleta hiyo hesabu ya karibu miaka 8,000. Cha kushangaza wakampa jina la mwanamume, kwa Kiingereza wakamwita "Minnesota Man", yaani mwanamume wa Minnesota, wakati mifupa ni ya msichana wa miaka 15 au 16, na ilichukua miaka mingi mpaka jina likarekebishwa akaitwa Mwanamke wa Minnesota. Mimi namwita binti. Miaka 15 ni binti.

Hakuwa amezikwa, mwili ulikuwa umelala kwenye tope bila kaburi, ndio maana wengi wanaamini alizama, pengine alitumbukia kwenye maji au barafu ilikatika chini yake. Alikuwa na kisu cha pembe ya mnyama aina ya elk, ambaye ni kulungu mkubwa wa huku, na lile gamba lilikuwa limetobolewa matundu mawili, yaani lilikuwa la kuvaa, kidani. Konokono wa aina hiyo anaishi kwenye bahari ya Florida na Ghuba ya Meksiko. Miaka 8,000 iliyopita hakukuwa na farasi wa kupanda huku, wala gurudumu, mtu alitembea kwa miguu au kwa mtumbwi, kwa hiyo hilo gamba lilitoka mkono mmoja likaingia mwingine, labda ni zawadi, labda mahari, labda biashara, mpaka likafika shingoni mwa msichana wa kaskazini ambaye bahari hakuwahi kuiona. Mwaka 1999 mifupa yake ilirudishwa kwa watu wa asili, Wadakota, wakaizika upya kule South Dakota. Nilifurahi niliposoma hilo. Amekaa kwenye makabati ya chuo miaka mingi sana.

Watu wakizungumzia historia ya hapa wanaanza na Wanorwe na Wajerumani waliokuja na jembe. Hapana. Kabla ya jembe hili lilikuwa eneo la mpaka kati ya Wadakota na Waojibwe, na lilikuwa eneo la kugombewa kwa sababu lina kila kitu, samaki, mpunga mwitu unaoota wenyewe kwenye maji ya kina kifupi, kulungu, na nyati upande wa tambarare. Kuna mji mdogo unaitwa Battle Lake, ziwa la vita, watalii wanakuja kunywa kahawa na kukodi maboti, lakini jina limetokana na mapigano ya karibu mwaka 1795 kati ya makabila hayo mawili ambapo Waojibwe wengi waliuawa. Halafu mwaka 1825 serikali ya Marekani ikawaita wote kule Prairie du Chien, ikawachorea mpaka, na huo mstari kwenye mkataba unakuja mpaka ziwa la Otter Tail, unapita katikati yake, unatokea pale mto unapotoka. Fikiria mtu unakata ziwa kwa kalamu. Samaki wa upande huu ni wako, wa upande ule si wako.

Na haikuchukua muda mstari wenyewe ukawa hauna maana, manake pande zote mbili zilichukuliwa. Wadakota walisaini mkataba wa 1851 wakapoteza sehemu kubwa sana ya kusini mwa Minnesota na eneo hili la kwao la huku, Waojibwe wakasaini wa 1855. Kaunti ikaundwa kwenye makaratasi mwaka 1858, mwaka ule ule Minnesota ilipokuwa jimbo. Mwaka 1862 Wadakota, njaa imewashika na malipo waliyoahidiwa yamechelewa, wakaingia vitani, na walowezi wachache waliokuwa huku wakakimbia, kaunti ikabaki karibu tupu. Vita viliisha kwa Wadakota 38 kunyongwa siku moja kule Mankato, tarehe 26 Desemba 1862, na mwaka uliofuata Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuwafukuza Wadakota jimboni. Waojibwe wa ziwa Otter Tail wengi walihamia White Earth, hifadhi yao iliyoanzishwa 1867 kaskazini ya hapa, na wako mpaka leo, jirani zetu kabisa, mwendo wa gari usiofika saa mbili. Mimi naona mtu akiandika habari za maziwa haya akaruka hilo, anakuwa hajaandika kitu.

Mji wa kwanza wa maana ulikuwa Otter Tail City, kando ya ziwa kubwa. Ulikuwa kituo kwenye njia ya mikokoteni ya Red River, ile mikokoteni ya ng'ombe ya Wametisi, watu waliotokana na Wafaransa na makabila ya huku, iliyokuwa inabeba ngozi na manyoya kutoka upande wa Kanada ya leo kwenda St. Paul. Ilitengenezwa kwa mbao tupu bila msumari wa chuma, na ekseli haikupakwa mafuta maana mafuta yangeshika vumbi, kwa hiyo msafara ulipokuja ulisikika ukilia kutoka mbali sana. Mji ukapata mpaka ofisi ya ardhi ya serikali. Halafu reli ya Northern Pacific ikaja mwanzoni mwa miaka ya 1870 na haikupita hapo, ilipita kaskazini, pakazaliwa Perham, na Otter Tail City ikafa, makao ya kaunti yakahamia Fergus Falls mwaka 1872. Huku reli ndiyo iliyokuwa inaamua nani aishi.

Waliorudi kwanza baada ya vita wananivutia pia. Mwaka 1865 lilikuja kundi dogo la dini kutoka Iowa, watu waliojitenga na Wamormoni wakamfuata mzee anaitwa Alpheus Cutler, mzee mwenyewe alikuwa ameshafariki mwaka uliotangulia, wao wakaendelea na safari wakafika kwenye ziwa la Clitherall wakajenga. Hawakufuata reli wala mbao, walifuata imani. Ndio wakaja Wanorwe, Wajerumani, na Wafini kule New York Mills, na mpaka leo ukisoma majina kwenye masanduku ya barua unajua uko kijiji cha nani.

Ukija huku sehemu moja usiyotakiwa kuikosa ni Phelps Mill. Ni kinu cha kusaga ngano, cha mbao, kimejengwa mwaka 1889 na William Thomas juu ya mto Otter Tail. Mto unaingia kwenye bwawa dogo, unamwagika juu ya ukuta kwa sauti moja isiyobadilika, na jengo jeupe refu limekaa pembeni yake. Kilisaga mpaka 1939, na mwaka 1965 kaunti ikakinunua kisije kikabomoka. Mashine bado zimo ndani, mikanda, mabomba ya mbao ya kupandisha unga ghorofa hadi ghorofa, unanusa bado ngano ya zamani kwenye mbao, au labda ni mimi nilitaka kuinusa. Nilikaa pale saa nzima na nusu. Watoto wanavua samaki chini ya ukuta, na mwezi wa Julai kuna tamasha uwanja unajaa.

Fergus Falls nitapita haraka, ni mji wa kaunti, una mahakama na hospitali na maduka. Ila mjue kwamba tarehe 22 Juni 1919 kimbunga kiliupiga na kuua watu 57, hoteli nzima ikaanguka na wageni ndani. Na kuna lile jengo la hospitali ya wagonjwa wa akili, lilifunguliwa 1890, refu, lina mnara, mabawa yake yanaenda pande zote mbili mpaka shingo inachoka kuangalia. Lilikuja kubaki tupu, na kwa miaka mingi watu wamebishana libomolewe au litunzwe. Mimi nasema litunzwe.

Pelican Rapids, mji wetu, una sanamu ya ndege mwari ya zege, urefu futi 15 na nusu, imesimama karibu na maji tangu 1957. Watu wa hapa wanaipenda kwa dhati na mimi pia, mtoto wa jirani akiniuliza nyumbani kwangu ni wapi nilimwambia "pale ukipita mwari" na akaelewa moja kwa moja. Mji una watu kama 2,500 tu, lakini kwa sababu ya kiwanda utasikia Kisomali, Kihispania, Kibosnia, Kivietinamu, na ukibahatika Kiswahili. Watu wamekuwa wakiletwa huku na kazi na vita tangu miaka ya 1990, na kabla yao Wanorwe waliletwa na njaa ya ardhi, hamna tofauti kubwa.

Majira ya baridi ndiyo nilidhani yatanishinda. Mwaka wa kwanza nilikuwa naliangalia ziwa la Lida limeganda, magari yamepaki juu yake kama uwanja wa mpira, na mimi mguu sitii. Jirani yangu, mzee wa miaka 80 na kitu, babu zake walitoka Norwe, akaja kugonga mlango Jumamosi moja akasema, "Vaa, twende." Nikamwambia babu, mimi kwenye maji yaliyoganda siendi. Hakubishana. Akanifundisha kwanza kupima. Sentimita 10 za barafu safi, ile ngumu yenye rangi ya samawati, unaweza kutembea. Pikapu ya kawaida inataka sentimita 33 au zaidi. Barafu nyeupe ya theluji ina nusu ya nguvu, kwa hiyo unazidisha mara mbili. Karibu na mahali mto unapoingia au kutoka usikanyage, haijalishi ni Januari, maji yanayotembea hayagandi sawasawa. Akachukua keekee yake kubwa ya betri akatoboa, akashusha kipimo, akanionyesha kwa macho yangu, sentimita 38. Nikakaa.

Tulivua samaki wanaitwa walleye, macho yao yanang'aa kwenye tochi kama ya paka, nyama yake nyeupe haina shombo, na ndiye samaki wa jimbo. Unakaa kwenye kibanda chenye hita, unaangalia tundu la duara, mshipi unaingia gizani, na hamuongei sana. Kilichonishtua ni sauti. Jioni baridi inapoongezeka barafu inasinyaa na kupasuka na ziwa zima linanguruma, mlio unaanzia mbali unapita chini ya miguu yako unaenda zake ng'ambo. Nilisimama mwenyewe bila kujua. Mzee akasema hiyo ni barafu inakua, ikiwa kimya ndio uogope. Nimekaa na hiyo sentensi muda mrefu.

Mwezi wa Aprili mara nyingi barafu inaondoka, na hapo hapo wanarudi wale ndege wanaoitwa loon, weusi wenye madoa meupe, sauti yao usiku ni kama mtu anaita kutoka ng'ambo ya maji. Mtu wa kwanza kuisikia lazima aulize nani huyo.

Lakini maziwa yana shida yake, na hii inaniuma kwa kweli. Mwaka 2009 kome pundamilia walikutwa kwenye ziwa Pelican. Ni wadogo kama kucha, wana mistari, asili yao ni bahari za Kaspi na Nyeusi huko mbali, walikuja Amerika kwenye maji ya meli. Wanajishika kwenye kila kitu, mawe, mabomba, boti, magamba ya kome wa asili mpaka wanawaua, na wanachuja maji kiasi kwamba yanakuwa maangavu sana, mgeni anasema "angalia maji safi", kumbe wamekula vijidudu ambavyo samaki wachanga wangekula. Kwenye ufukwe unakatwa miguu. Na hakuna namna ya kuwatoa wakishaingia ziwa kubwa. Kinachobaki ni kuzuia wasihame, ndio maana sheria ya jimbo inataka ukitoa boti majini uondoe majani yote, umwage maji yote, uchomoe kizibo na uendeshe barabarani bila kizibo, na ukinunua gati la mtu au kinyanyulio cha boti likauke siku 21 kabla hujaliweka kwenye ziwa lingine. Wapo wanaoona usumbufu. Ndugu yangu, dakika kumi za kukausha boti na maziwa elfu, unafikiria nini?

Ukitaka kuona ziwa lilivyokuwa, nenda Glendalough, upande wa Battle Lake. Zamani lilikuwa eneo la kuwindia la wenye magazeti wa Minneapolis, Eisenhower na Nixon, watu waliopata kuwa marais wa Marekani, walifika wakiwa wageni, na mwaka 1990 wenyewe wakalitoa, likawa hifadhi ya jimbo. Ndani kuna ziwa Annie Battle, na hapo injini hairuhusiwi, wala zile skrini za kutafutia samaki. Unapiga kasia. Nilikwenda Septemba, hapakuwa na mtu, nikasikia mtumbwi wa mwenzangu mmoja ukikata maji kutoka upande wa pili kabisa.

Sasa kuna kitu nimekigundua kwenye ramani na ndicho kilichonifanya nikae kuandika. Mto Otter Tail unatoka kwenye hili ziwa kubwa, unapita Phelps, unapita Fergus Falls, unakwenda magharibi mpaka Breckenridge, pale unakutana na mto Bois de Sioux na vinakuwa Red River, na Red River inakwenda kaskazini, inaingia Kanada, mpaka ziwa Winnipeg, mpaka ghuba ya Hudson kwenye barafu. Lakini mashariki kidogo tu ya ziwa Otter Tail, kaunti hii hii, kuna maziwa yanaitwa Leaf. Maji ya Leaf yanakwenda upande mwingine kabisa, yanaingia mto Leaf, kisha Crow Wing, kisha Mississippi, na Mississippi inateremka nchi nzima mpaka Ghuba ya Meksiko. Kati ya maji haya mawili kuna kipande kidogo cha nchi kavu, na watu wa kale walikuwa wanabeba mitumbwi mabegani kutoka maji haya hadi yale. Ule mkataba wa 1825 unapataja kabisa, mahali pa kubebea mitumbwi pa ziwa Otter Tail.

Yaani maji ya Leaf yanaishia kwenye bahari ile ile lilikotoka gamba la binti. Nilipoliona hilo usiku jikoni kwangu nilisimama nikazunguka meza. Maana mimi siku zote nilikuwa nawaza gamba limevuka jangwa na misitu limekuja mahali pasipohusika na bahari, kumbe njia ilikuwepo, ya maji, wazi, mtu angeweza kupiga kasia kinyume cha mkondo mwaka hadi mwaka, kizazi hadi kizazi, akatokea hapa.

Kazini kuna mama mmoja wa Kisomali, wa Barawa, anaongea Chimwini, Kiswahili cha kwao Barawa, na mimi namjibu kwa Kiswahili changu na tunaelewana vizuri tu. Ni mkubwa kuliko mama yangu, ananiita mwanangu. Wakati wa mapumziko nikamsimulia habari yote, barabara, mifupa, gamba lenye matundu mawili, nikamchorea mto kwenye karatasi ya kufutia mikono. Alisikiliza anakunywa chai yake. Nilitegemea aulize kuhusu umbali, maana kila niliyemwambia anauliza umbali.

Akauliza, "Alikuwa amelivaa?"

Nikasema ndiyo mama, wanaamini alikuwa amelivaa.

Akatikisa kichwa polepole. "Miaka kumi na tano. Basi kuna mtu alimfunga kamba ile asubuhi." Akaikunja ile karatasi yangu yenye mto, akaitia mfukoni mwa koti lake jeupe, kengele ikalia tukarudi kazini.